Sita kwa Kumi

Bruda Silvano alikuja na projekta, jenereta
na filamu moja tu, ya kwao, ya zamani,
Kitaliano mwanzo mwisho.
Shuka la bweni likatundikwa ukuta wa Darasa la Sita,
muhuri wa shule pembeni, kiraka katikati,
kwa hiyo kila aliyekatiza mitaa ya Roma
alipata kiraka kifuani.

"Nani atatafsiri?" akauliza Mkuu wa Shule.
Baba yangu, Mwalimu Mihayo, somo lake Kiswahili,
akanyoosha mkono.
Neno la Kitaliano alilolijua lilikuwa makaroni.

Kwa macho, hadithi ilikuwa nyepesi:
shule ya wasichana, mwalimu wa kike mwenye miwani,
karani mwembamba anamwandikia barua,
naye anaisahihisha kwa wino mwekundu,
anamrudishia na alama: sita kwa kumi.
Tabora nzima ilicheka kabla ya tafsiri.

Lakini baba alikuja na yake moyoni.
Aliwafanya Wataliano waamkiane *mwadila*,
waulizane bei ya tumbaku Urambo,
na yule karani, chini ya dirisha, mvua ikimnyea,
ambaye mdomo wake ulifunguka mara mbili tu,
baba akamtilia ubeti mzima:

*Mwalimu shusha kalamu, wino wako wanichoma,*
*Herufi zangu ni ngumu, zasomeka kwa mtima,*
*Sita nimezifahamu, nne bado zaniuma,*
*Tuzitafute daima, mimi na wewe, mwalimu.*

Mtaliano alishafunga mdomo zamani,
yuko juu ya baiskeli, anakata kona,
baba bado anaghani.
Hata watoto wa Darasa la Tano walijua hiyo si tafsiri.
Na benchi la tatu, Mwalimu Anastazia Kalunde, wa Hesabu,
aliyepokea barua ya baba wiki mbili nyuma
na kuinyamazia,
alivua miwani, akaifuta,
akaivaa, akaivua tena.

Saa tatu na robo treni ya Kigoma ikapiga honi ndefu.
Mlango wa kanisa ukafunguka, bi harusi akatokea,
kumbikumbi wakamjaa kwenye shela,
na utepe ukakatika.
Harufu ya kuungua. Giza.

"Wameoana?" watu wakapiga kelele. "Mwalimu, wameoana?"
Baba akajibu kutoka gizani:
"Hilo muulizeni mwalimu wa Hesabu."

Barua ilirudi Jumatatu, ndani ya rejista ya mahudhurio.
*Mwalimu mzima wa Kiswahili,*
*"nakupeda"? N imekwenda wapi?*
*Saba kwa kumi.*
*Rudia, kisha mlete mjomba wako.*

Baba alisema N aliiacha makusudi,
apate cha kusahihishiwa.
Mama alisema ni uongo, alikuwa anatetemeka.
Walibishana hivyo miaka arobaini na mmoja,
juu ya sahani, juu ya vitanda vyetu wagonjwa,
juu ya herufi moja.

Mwaka jana, baba akiwa na miaka tisa kaburini,
mpwa wangu aliipata filamu ile kwenye simu,
safi, haina kiraka, ina maandishi ya tafsiri chini.
Nikaketi na mama ukumbini, Cheyo.
Mvua ile. Dirisha lile. Karani akafungua mdomo
na maandishi yakasema:
*Funga dirisha. Utapata mafua.*

Macho ya mama hayasomi tena herufi ndogo.
"Anasemaje?"
Nikakohoa.
"Mwalimu shusha kalamu," nikaanza,
"wino wako..."
"Polepole," akanikatiza. "Hapo baba yako alipumua."
Nikapumua.

Tulipokaribia kanisani akaniambia nizime.
"Lakini mama, hujawahi kuuona mwisho."
"Zima tu."
Akatafuta khanga, akaivuta mabegani.
"Baba yako amekufa na saba," akasema.
"Zile tatu nilikuwa ninamwekea."